Udongo Mweusi wa Kiwanja Chetu

Watu wa hapa Karatu husema mimi najua kuchagua mahali. Nimeyasikia maneno hayo miaka mingi na sikuwahi kuyakanusha. Leo nayakanusha kwa maandishi, ingawa mwandiko wangu ni wa darasa la tatu.

Ilikuwa ile miaka ya shida ya mafuta ya kula. Chupa moja mnaigawana nyumba tatu, na huku alizeti yenu inaliwa na ndege shambani. Mume wangu akasema atakamua mwenyewe. Kaka zake wawili wakauza ng'ombe, sisi tukauza ngano, mashine ikapatikana. Ikabaki kujua itakaa wapi. Karatu hapakuwa na umeme, na dizeli ilikuwa ya kuvizia. Arusha umeme ulikuwepo, na mji ulikuwa unapanuka; kila ukienda unakuta mtaa mpya pale ulipoacha mahindi. Tena walikuwa wanagawa viwanja vya viwanda.

Mume wangu akasema twende wote. Kaka zake walimcheka.

"Unakwenda kutafuta kiwanja au unakwenda kuposa?"

"Huyu akishika udongo anaujua," akawajibu. "Ninyi mkishika mnachafuka tu."

Ilikuwa kweli. Hata wao walikuwa wananiita niwaonyeshe pa kupanda maharage.

Bwana ardhi alituonyesha viwanja viwili vilivyobaki. Kimoja kilikuwa juu, changarawe na mawe matupu. Cha pili kilikuwa chini karibu na kijito, udongo mweusi tii. Kilikuwa kiangazi na ardhi ilikuwa imepasuka, nyufa za kumeza mguu wa mtoto.

"Mama watoto," mume wangu akasema, "mimi moyo wangu uko kule juu."

"Juu kuna nini? Hata mbuzi wa pale amekonda."

Nilipiga magoti, nikachukua udongo, nikautemea mate, nikaufinya. Ukashikana kama donge la ugali. Nikampa naye aushike.

"Na hizi nyufa?"

"Kiu tu hiyo. Mvua ikinyesha zitafunga."

Bwana ardhi akacheka. "Mama, mmekuja kupanda mahindi au kupanda mashine?"

"Mwanangu, mawe hayajawahi kumpa mtu kitu."

Mume wangu alitazama juu kwenye mawe, akanitazama mimi. Akasema, "Haya. Andika hapa chini."

Mvua ilinyesha na nyufa zikafunga. Hapo sikukosea. Lakini udongo ule ukinywa maji huvimba kama unga uliotiwa hamira, na jua likirudi husinyaa. Mahindi hayana neno na hilo. Sakafu ya saruji haiwezi. Mimi ningejulia wapi? Nyumba zetu zilikuwa za miti, ikiinama unaiwekea nguzo nyingine, maisha yanaendelea.

Masika ya kwanza sakafu ilipanda katikati, mashine ikalala upande. Mkanda unaotoka kwenye mota ukaanza kuruka. Mimi nilikuwa Karatu na watoto na shamba, nikienda Arusha na magunia ya alizeti lori likipatikana. Kila nikienda nakuta ameongeza kipande cha mti chini ya mashine.

"Imeinama kidogo," alikuwa anasema, "kama mzee anayetoka kilabuni."

Hakusema zaidi ya hapo. Nami niliona, sikusema. Nilikuwa nimeelewa tayari kuwa ni ule udongo wangu.

Habari niliipata nikiwa napalilia. Aliileta dereva wa lori, akasimama pembeni ya shamba na kofia mkononi. Mkanda uliruka, mume wangu akaurudisha kwa mkono mashine ikiwa inazunguka. Ukashika koti, na mkono ulikuwa ndani ya koti.

Hospitali waliukata. Kisha ikaja homa, na homa haikutaka kuondoka. Kaka zake walikuja, wakasimama kando ya kitanda na vumbi lote la njia ya Makuyuni mwilini. Yule mkubwa alikuwa ametoka kukiona kiwanda, kuta zimepasuka toka juu hadi chini.

"Nani aliyechagua lile tope?" akauliza.

Nilifungua mdomo. Nasema kweli, niliufungua.

"Mimi," mume wangu akasema. "Huyu alitaka kule juu kwenye mawe. Nilimbishia."

Shemeji akanigeukia, macho yamelowa. "Tusamehe, shemeji. Ungesikilizwa wewe."

Nikaufunga mdomo.

Walipotoka nilimuuliza kwa nini amesema uongo. Hakuwahi kunidanganya, hata kwa kitu kidogo. Akanijibu kwa sauti ndogo, amefumba macho:

"Mimi nakwenda. Wewe unabaki nao. Shamba ni lao."

Alikufa Jumapili. Tulimpandisha nyumbani kwa lori la ngano. Kaburini walinipa udongo nitupe, udongo wetu mwekundu, na mkono wangu ukaufinya wenyewe, kwa mazoea. Ukashikana vizuri. Ilibidi shemeji anifungue vidole.

Hawakunifukuza. Shamba nililima miaka yote, watoto wakakulia humo. Baada ya miaka kadhaa wakaja na shauri la kuweka mashine ya kusaga hapa Karatu.

"Shemeji, tuonyeshe wewe. Wewe ndiye uliyeona mwanzo."

Nilikwenda nao. Sikuinama. Mikono niliiweka nyuma, nikawaonyesha kwa kidevu: pale penye mawe. Wakapajenga bila swali. Wakaanza kuja na wengine, wa kanisa, wa duka, mpaka watu wa kule Baray, na wote niliwaonyesha mawe. Shemeji zangu wote wawili wameshakufa, na wote wamekufa wakinisifu.

Ile mashine ya kusaga haijainama hata kidogo. Asubuhi ikiwashwa naisikia nikiwa jikoni.