Mama Pasi na viti visivyokaliwa

Haya nimesimuliwa na Mama Pasi mwenyewe, Jumatatu ya wiki iliyopita, tangu alfajiri mpaka kava la mwisho lilipokauka kambani. Aliporuka jambo, kaka yake aliyekuwa amepita kumsalimia alimrudisha nyuma.

Saa kumi na moja alfajiri Mama Pasi yuko uani kwake, taa moja juu ya mlango, magunia saba mbele yake. Maji hajayagusa bado. Anatoa kava moja moja, analinyoosha kwenye mwanga, analinusa, kisha analitupa kulia au kushoto.

Makava ni zile nguo vinazovikwa viti vya harusini, na utepe unafungwa mgongoni. Kiti cha plastiki kikishavikwa hivyo kinasahau kabisa kwamba juzi kilikuwa msibani.

Kulia ni makava yaliyokaliwa. Kushoto ni yasiyokaliwa.

"Pasi yangu inaacha mstari mmoja katikati, pale pa kukalia," anaeleza. "Mtu akikaa hata dakika moja, mstari unakufa. Sasa tazama hili. Mstari mzima, wanga bado unanukia. Hili lilikwenda harusini likarudi, halikuona mtu."

Mama Pasi ana miaka hamsini na minane, ni mjane, na kazi hii ameifanya miaka kumi na mmoja kwa tajiri mmoja anayekodisha viti. Kwa kila makava ishirini anapata bei ya kilo moja ya sukari. Tajiri halipi kwa uchafu, analipa kwa idadi. Yaliyokaliwa yanafuliwa, yanatiwa wanga, yanapigwa pasi. Yasiyokaliwa yanakung'utwa tu na kukunjwa.

"Kwa hiyo kiti kitupu ndicho kinachonilipa vizuri," anasema, halafu anacheka kidogo kama aliyekamatwa mkono ukiwa chunguni.

Mwaka jana zilipita mikononi mwake harusi thelathini na nane. Zilizojaza viti vyote zilikuwa tatu tu, na mbili kati ya hizo hazikufika hata watu mia moja. Kwa zilizobaki, katika kila viti kumi vilivyolipiwa, vinne havikuona mgeni.

Mitindo nayo anaijua kwa beseni lake. Mwaka juzi kila bibi harusi alitaka utepe wa zambarau, mwaka jana dhahabu, mwaka huu kijani cha jani changa. "Mmoja anaiona kwenye simu ya mwenzake, basi imeshakuwa sheria," anasema. "Zambarau ilinitesa. Inachuja rangi kama inalia."

Kati ya ndoa hizo thelathini na nane, anazojua zimevunjika ni mbili, na zote mbili zilikuwa na viti zaidi ya mia tano. Nilipoanza kuliandika hilo alinizuia kwa mkono wenye povu.

"Usiseme viti ndivyo vilivyowavunja. Mbili si ushahidi. Labda walikuwa wanakoroma."

Basi, miezi miwili iliyopita, kaka yake alikwenda kwa tajiri wa viti kuagiza viti mia nne.

Kaka huyu ni fundi rangi, na binti yake wa kwanza alikuwa anaolewa na kijana fundi wa mafriji. Alipotoka kwa tajiri alipitia uani kwa dada yake, kifua mbele.

"Dada, nimekuletea kazi. Mia nne. Kilo ishirini za sukari hizo."

"Mungu akubariki, kaka," Mama Pasi akajibu, akaendelea kusuuza.

Kesho yake alikuja binti. Alikaa kando ya beseni, akawa anakunja utepe mmoja na kuukunjua, anaukunja na kuukunjua, mpaka shangazi yake akamnyang'anya.

"Sema, mwanangu. Utepe wa watu huo."

Binti akasema. Yeye na mchumba wake walikuwa wameweka akiba miezi kumi na minne, ili walipe kodi ya nusu mwaka ya chumba kimoja. Ukumbi wa watu mia nne, na viti vyake, na makava yake, ungekula kodi ya miezi mitano. Mchumba alikuwa amekubali kuitoa, kwa kumheshimu baba mkwe.

"Na mtalala wapi?"

"Kwenye karakana yake, shangazi. Kwa muda."

"Katikati ya mafriji mabovu?"

"Amesema atayapanga upande mmoja."

"Hapo ndipo mtu anapoolewa na friji," shangazi akasema. "Umemwambia baba yako?"

"Nimeshindwa. Ana furaha mno. Wewe ni dada yake mkubwa, mwambie wewe."

Mama Pasi hakusema neno kwa siku tatu. Ananiambia bila kuficha kwamba siku mbili kati ya hizo alikuwa anazifikiria kilo ishirini. Bati la jikoni lilikuwa linavuja, na sukari nyingine ingegeuka bati. Siku ya tatu alimwita kaka yake aje kumsaidia kubeba magunia, akisingizia mgongo.

Yalikuwa magunia ya harusi kubwa, viti mia tatu na hamsini. Alimwekea kaka yake rundo la kushoto akamwambia ahesabu. Kaka akahesabu, akafika mia moja na sitini, maumivu ya mgongo yakawa yake sasa.

"Mbona haya ni masafi?"

"Hao ni wageni wa heshima. Walialikwa, hawakuja. Wenye harusi wamewalipia ukumbi, wamewalipia kiti, mpaka nguo wamewavisha."

Kaka akasema, "Dada, watu watasema."

"Watasema wakiwa wamekaa au wamesimama?"

"Usinitanie. Siku yangu mimi uliona. Wakwe zangu walisimama juani mpaka mmoja akaenda kuegemea ukuta wa choo. Mke wangu mpaka leo halitaji, lakini najua. Nilijiapiza mwanangu hataolewa watu wamesimama."

Hilo Mama Pasi hakulitarajia. Aliacha utani, akasogea karibu, akamwambia jambo ambalo sasa wachumba wengi wa mtaani wanaliita hesabu ya Mama Pasi.

"Ulipoanguka kwenye ngazi ukavunjika mguu, nani alikuja kukuona? Waandike hao. Aliyeujua mlango wako siku ile ndiye atakayeujua ukumbi wako."

Kaka alikaa juu ya gunia akaandika. Walikuwa sitini na mmoja. Mkewe akaongeza kumi na wanne. Upande wa bwana harusi, kwa kipimo hicho hicho, wakapatikana sitini na watano. Kaka akaongeza kumi, akasema ni "kwa ajili ya midomo ya watu." Jumla viti mia na hamsini.

Tajiri aliposikia alimfuata Mama Pasi uani.

"Mama, unanitilia mchanga kitumbua changu."

"Kitumbua chenyewe tunakila wote, bosi. Mimi mwenyewe nimejikata kilo kumi na mbili na nusu kwa mkono wangu. Unadhani nimelala vizuri?"

Siku ya harusi saa tisa kamili viti vyote vilikuwa vimejaa, na watu bado wanaingia. Kaka alimwachia kiti chake mama mmoja mjamzito, akaja kusimama ukutani pembeni ya dada yake. Uso ulikuwa umemshuka. Waliosimama walikuwa kama ishirini hivi.

"Umeona sasa," alisema kwa sauti ya chini. "Wamesimama."

"Wamesimama kwa sababu wamekuja."

Kaka aliwatazama wale waliosimama mmoja mmoja: mwenzake wa kubeba ngazi, muuza rangi, jirani aliyemletea magongo alipovunjika mguu. Kisha akaenda katikati yao, akawa anawasalimia kwa mikono miwili, na mpaka sherehe inaisha hakurudi kukaa, ingawa viti viwili vilikuwa vimepatikana.

Midomo nayo ilisema, kama kawaida ya midomo. Kwa wiki nzima ilisema kwamba harusi ya binti wa fundi rangi ilijaa mpaka watu wakakosa pa kukaa.

Mama Pasi alipofungua magunia yake baada ya harusi ile hakupata la kutupa kushoto. Mistari yote mia na hamsini ilikuwa imekufa. Aliyafua siku mbili, mikono ikamchubuka, kwa kilo saba na nusu za sukari. Bati linavuja bado.

Tangu hapo zimemfuata jozi tano za wachumba kuuliza hesabu yake. Jozi moja ilihesabu ikapata watu thelathini na wawili, bibi harusi akatoa machozi. "Nikamwambia, mwanangu, hao ni wengi. Kuna watu wana simu imejaa majina na hawana hao."

Jumapili, siku moja kabla hajanisimulia haya, maharusi walimwalika yeye na baba yao chakula cha mchana kwenye chumba chao. Ni chumba kimoja, dirisha linatazama ukuta, sakafu imesuguliwa mpaka inateleza. Kuna godoro, jiko, ndoo mbili na friji kubwa la milango miwili ambalo mteja alishindwa kulikomboa karakana.

Kaka alizunguka chumba kwa macho mara mbili.

"Binti yangu nimemwozesha kwa viti mia na hamsini," alisema, "na leo sina hata kimoja cha kukalia."

"Kaa godoroni, baba," bwana harusi akasema, masikio yamemwiva. "Viti vitakuja."

Wakala wote wanne godoroni, maji ya friji yakiwa baridi kupita kiasi. Baada ya kula Mama Pasi aliwaambia mpango wake. Anashona makava yake mwenyewe, kwa vitambaa anavyonunua kidogo kidogo. Ameshamaliza ishirini na mawili. Yakifika mia moja atakodi viti vya mtu, atavivisha, na atawachukua maharusi wa watu wachache ambao matajiri wa viti hawana muda nao.

"Ukipata mteja wa mia nne je?" binti akauliza.

"Nitampeleka kwa bosi. Naye ale."

Bwana harusi alikuwa ameshalala, kichwa kwenye friji. Kaka alijilaza akisema anapumzisha mguu tu, na baada ya kidogo akaanza kukoroma. Binti naye alisinzia akiwa ameshika sahani. Shangazi akaichukua mkononi mwake polepole, akaiweka chini, akahesabu kwa kidole waliolala, akapata watatu. Akavua viatu, akajikunja kwenye kipande cha godoro kilichobaki, akalala.