Mektilda na Mwano wa Kagera

Ko, ko, ko. Kwato za ng'ombe juu ya mbao za lori la pamba. Hiyo ndiyo sauti ya vita iliyobaki masikioni mwa Mektilda, maana mizinga hakuisikia. Ushirombo ni mbali na mto Kagera. Huko vita ilifika kwa redio, kwa malori yaliyokwenda yamejaa vijana na kurudi matupu, na kwa ng'ombe waliopandishwa mmoja mmoja asubuhi ile ya Novemba 1978, kwenda kulisha jeshi. Majirani walitoa. Mektilda alisimama kwenye lango la zizi lake, hakutoa.

Alikuwa mjane wa mtoto mmoja. Mtoto huyo, Otmar, alikuwa amekwenda mkoa wa Ziwa Magharibi kukata miwa ng'ambo ya mto, akiahidi kurudi mvua zikishika. Mwisho wa Oktoba jeshi la Nduli, dikteta wa nchi jirani, likavuka mpaka. Likachukua ng'ombe, mabati, matrekta, magodoro, likachukua na watu. Mkimbizi mmoja aliyepita Ushirombo akielekea Kahama ndiye aliyeleta habari: alimwona Otmar na Athanas, kijana wa jirani, wamefungwa mikono kwa kamba moja, wanaswagwa kaskazini.

Tangu siku hiyo Mektilda alitaka jambo moja tu. Waliomshika mwanawe wasiogopeshwe.

Nchi ile kila mtu anaujua mwano. Wezi wakichukua ng'ombe, yowe hilo hupigwa kijiji hadi kijiji, na wanaume wote hutoka na pinde kufuata nyayo. Lakini wafuataji wazoefu, wakiona kinyesi njiani kimeanza kuwa kibichi, hunyamaza. Hukanyaga kama watu wanaoingia kanisani. Maana mwizi akijua amekaribiwa haachi mali nzima. Huwakata ng'ombe mishipa ya miguu, kisha hukimbia. Mume wa Mektilda, enzi za uhai wake, aliwahi kufuata nyayo pamoja na vijana wasioweza kufunga midomo. Alirudi na ngozi tatu begani.

Basi kila jioni, redio ya balozi wa nyumba kumi ilipotangaza kwamba tunakuja, kwamba tutampiga, Mektilda alikaa uani na mikono masikioni.

Balozi huyo, mzee Bujiku, alimjia kwa wema kwanza. Mwanawe mwenyewe, Jilala, alikuwa amekwenda na mgambo. Alimweleza kwamba ofisini wanauliza kwa nini zizi moja tu limebaki limefungwa.

"Nikawaambie nini, Mama Otmar? Ng'ombe wako ana mafua?"

"Kawaambie wapunguze sauti. Nyayo ni mbichi."

Bujiku alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. "Wewe vita unaiona kama wizi wa ndama?"

"Ni wizi. Wameniibia mtu."

Neno hilo lilizunguka kijiji kabla jua halijazama. Kwenye kilabu cha pombe ya kangara walilisema wakiongeza chumvi.

Wasuluhishi wakaanza kufika nchini. Walikuwa Waafrika wenzetu, watu wa mikutano mikubwa, na redio ilisema wanataka pande zote mbili ziweke silaha chini na kuzungumza. Serikali ikajibu kwamba mvamizi alaaniwe kwanza, alipe alichoharibu, aache kuidai ardhi isiyo yake. Wanaume wa kijiji walipiga makofi. Ilikuwa haki, na Mektilda alijua kuwa ni haki. Lakini Jumapili alipiga magoti mbele ya Bikira Maria akawaombea wale wageni wa suti ambao hata majina yao hakuyashika, washuke salama kwenye ndege zao, wapewe viti, wasiondoke haraka. Waliondoka. Wakaja wengine, nao wakaondoka.

Januari jeshi letu likavuka mpaka, na hapo ndipo kicheko kikashika kijiji. Jeshi lile lililotisha, lililokuwa na ndege na vifaru, lilikuwa linashindwa hata kukimbia. Ilisimuliwa kwamba askari wake walizidiwa na magodoro ya wizi wakatupa bunduki, si magodoro. Kwamba wengine walivaa magauni ya wake zao. Rafiki wa Nduli kutoka jangwani alituma askari wa kumsaidia, akatuwekea na siku za kuondoka nchi ile. Hao nao, kwa kutojua kinamasi cha kule, walizama na magari yao. Watu walishika mbavu.

Mektilda hakucheka. Kila mji ulioanguka aliuhesabu kama hatua nyingine ya wafuataji wanaopiga kelele.

"Shemeji wa Nduli huyo anapita," alisema Mbuke, jirani yake, kisimani, na ndoo ya Mektilda ikabaki ya mwisho. Siku chache baadaye hakuna aliyempa moto wa kuwashia jiko. Alivumilia hadi pamba ilipoanza kuchanua, na palizi yake ilikuwa imemshinda kwa kukosa wa kumsaidia. Basi lori lilipokuja tena, alimtoa fahali wake mwekundu, akamkokota mwenyewe hadi kwenye mbao. Mbuke alimshangilia kwa vigelegele. Mektilda alirudi nyumbani akijiona naye amepiga kelele pamoja na wafuataji wengine.

Aprili mji mkuu wa Nduli ukaanguka. Ngoma zililia siku mbili. Bujiku alicheza hadi akapoteza kofia.

Mwezi uliofuata Athanas alirudi, mifupa na macho. Alikwenda kwanza kwa Mektilda, kabla hata ya kwao, na watu wakamfuata hadi uani, Bujiku mbele. Mektilda alimpa maziwa, akangoja amalize.

"Walitufungia ghalani, mayu, mama yangu," alisema Athanas. "Mizinga ya kwetu ikaanza kusikika. Walinzi wakawa wanachungulia nje kila saa, hawali, hawalali. Siku mizinga ilipokaribia walifungua mlango, wakaanza kutupakia kwenye lori. Mimi nilianguka, wakaniacha wakidhani nimekufa."

"Na Otmar?"

"Alikuwa juu tayari. Lori lilikwenda kaskazini."

Kisha Mbuke akaanza kulia. Bujiku akavua kofia yake mpya, akakohoa, akasema Mama Otmar asikate tamaa, vita haijaisha. Redio ya asubuhi imetangaza kwamba vijana wetu, na Jilala akiwamo, wanayafukuza mabaki ya jeshi la Nduli huko huko kaskazini, mchana na usiku, na hawatapumzika hadi wafike mpaka wa mwisho.

Mektilda aliinuka. Alimsogelea Bujiku hadi mtandio wake ukagusa bega la mzee, akasema kwa sauti ambayo Athanas, aliyekaa miguuni pao, aliisikia kwa shida:

"Waite warudi, baba. Wamefika karibu mno."