Mahari Yangu Iko Hapa

Siku hizi watu wanasomewa bahati kwa kadi za tarot kwenye simu. Nikiona nacheka, maana hakuna aliyezisoma zile kadi kama jirani yangu wa Kalerwe, mama fundi wa gomesi, yale magauni ya Kiganda, Mungu amrehemu. Alizikuta kwenye robota la mitumba, zikiwa zimefungwa kwa ukanda wa suruali.

"Kadi moja ni lugambo," alikuwa akisema, yaani umbea mtupu. "Mbili ndiyo habari." Kadi ya mnara unaoungua ilinitia kiwewe, lakini ilipolala kando ya kadi ya jua, yeye alisema ni paa bovu litakalopata fundi. Nilimpenda, ingawa Kiswahili chake nilikicheka. Kwake watu walikwenda "kurara" na kuamka "kura" posho.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Shangazi aliyenileta Kampala alikuwa anarudi Kisumu kesho yake, nami sikujua niende au nibaki. Kulikuwa na kijana wa Nakawa aliyeahidi kutuma wazee kwetu. Kuahidi alijua sana. Nikaenda kwa fundi nikilia.

Akalaza kadi ya kumi ya vikombe, watu wa nyumba moja chini ya upinde wa mvua. Kando yake nne ya fimbo, zimevikwa maua kama mlango wa harusi. Alizitazama mpaka akaacha kukanyaga cherehani.

"Muwala, hapana enda," alisema, akiniita binti kwa Kiganda. "Mahari yako iko hapa."

Mahari! Nilimkumbatia nusura tuanguke. Shangazi akaondoka peke yake, mimi nikabaki kungoja ng'ombe. Kijana akaoa kwingine. Kwa aibu ya kurudi mikono mitupu nikaomba fundi anifundishe kushona. Nikahamia kwake. Malaria iliponiangusha, yeye alilala sakafuni, mimi kitandani. Hata hivyo, kadi zake nilizilaani kimoyomoyo.

Mwaka juzi alilazwa Mulago. Nikimpaka mafuta miguuni nilimtania: "Mama, kadi zako zilinidanganya. Mahari sijaiona hadi leo."

Alinishangaa. "Ng'ombe? Nani alisema ng'ombe?" Akapigapiga godoro kwa kiganja. "Mahari. Mahari pa kukaa. Kwangu."

Mahali. Nilicheka mpaka nesi akaja kututazama, halafu kilio kikanishika. Miaka kumi na minne nimekula pale, nimelala pale, nimeuguzwa pale, huku nikinung'unika kwamba sikupewa kitu.