Odeta wa Darasa la Nne Alibatiza kwa Kikombe cha Plastiki

Jeneza lilikuwa dogo, mtu mmoja angeweza kulibeba mikononi.

Lilikuwa juu ya benchi nje ya kanisa la kigango chetu, Buhongwa ya ndani huku, jua la saa saba linawaka. Ndani, watu wazima kumi na wawili walikuwa wanamhoji mtoto wa miaka kumi kama mwizi.

Na chanzo cha yote ni mimi.

Ngojeni niwaeleze.

Mimi ni fundi baiskeli. Seminari nimeiona kwa nje tu. Dini nimejisomea kwenye vitabu vya kuazima, lakini kila Jumatano nilikuwa nafundisha kipindi cha dini shule ya msingi ya hapa kwetu, kwa kujitolea. Watoto wananiita Mwalimu Ngosha.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo nilifundisha alama za ubatizo. Nikapanga mezani bakuli la maji, mafuta ya alizeti, kitambaa cheupe na mshumaa.

"Maji ni uzima mpya. Mafuta, umewekwa wakfu. Nguo nyeupe, umemvaa Kristo. Mshumaa, mwanga wake."

"Mwalimu, hayo mafuta tukimaliza si tukaangie dagaa?"

Darasa zima likaangua kicheko. Odeta hakucheka. Alinyoosha mkono.

"Mwalimu, kama mtoto anakufa na padri yuko mbali?"

"Mtu yeyote anaweza kumbatiza. Maji na maneno, basi. Mengine yatafuata akipona."

"Hata mimi?"

Nilijua kwa nini anauliza. Mdogo wake Jonathan, miezi mitano, alikuwa amekataliwa ubatizo mara mbili kwa sababu wazazi hawajafunga ndoa kanisani. Aliyekataa ni mwenyekiti wa kigango, Mzee Rwehumbiza.

"Hata wewe," nikamjibu. Tena taratibu, imwingie.

Huyu mzee namjua tangu 1993, akiwa katekista. Mdogo wangu Evelina alipofariki bila ubatizo, alimwambia mama yangu, "Mzikeni wenyewe." Tukamzika nje ya uzio, kwenye mkonge, bila hata Baba Yetu moja. Nilikuwa na miaka tisa. Shati alilovaa mzee siku hiyo lilikuwa la bluu, kifungo cha pili hakipo.

Sisahau mimi.

Jonathan akashikwa na nimonia. Asubuhi, wakisubiri bodaboda ya kwenda hospitali, Odeta akachota maji kwa kikombe cha plastiki.

Mtoto alifia njiani.

Na sasa mzee anasema ule ulikuwa mchezo wa watoto. Hakuna sala, hakuna kengele, na kaburi liende kulekule kwenye mkonge.

"Wewe binti. Mafuta yalikuwepo?"

"Shikamoo babu. Hapana."

"Mshumaa?"

"Hapana. Jua lilikuwa limeshatoka."

"Kitambaa cheupe?"

"Kanga ya mama. Ya njano."

Mzee akatugeukia. "Mnasikia? Ubatizo gani huu!"

Nikasimama. "Muulize alisema nini!"

"Kaa chini, fundi baiskeli! Wewe ndiye umetuharibia watoto. Kuanzia leo shuleni usikanyage!"

"Sikai! Muulize!"

Odeta hakungoja kuulizwa. Sauti ilikuwa inatetemeka, maneno hayakutetemeka.

"Nilimwagia kichwani mara tatu. Nikasema, Jonathan, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Mama yake, Immaculata, akajifunika uso kwa ileile kanga.

"Hata kasuku anaweza kusema hayo," mzee akasema. "Tangu lini mtoto akabatiza?"

Nyuma kabisa, fimbo ikagonga sakafu. Bibi Kokuberwa, dada mkubwa wa huyu mzee, aliyekuja kutoka Bukoba kutibiwa macho.

"Rwehumbiza."

"Dada, haya ni mambo ya uongozi."

"Wewe nani alikubatiza?"

Mzee akatazama mlangoni.

"Si useme! Ulizaliwa hupumui vizuri, padri yuko mbali. Nilikuwa na miaka minane. Nilichota maji ya kuoshea ndizi, yana utomvu! Padri alipofika aliniuliza kitu kimoja tu, nilisema nini. Akaandika kitabuni. Mafuta alikupaka, maji hakukumwagia tena. Umeoa kwa ubatizo huo. Unatusomea masomo hapo mbele kwa ubatizo huo. Kama wa huyu binti ni mchezo, shuka hapo tukakutafutie padri!"

Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo.

Mzee alishuka pale mbele. Kisha akatoka nje, akalinyanyua lile jeneza yeye mwenyewe, mikononi.

"Pigeni kengele," akasema.

Tulimzika Jonathan ndani ya uzio, kwa sala zote.

Watu walipotawanyika nilienda kwenye mkonge, kwa Evelina. Nikasikia hatua nyuma yangu. Mzee Rwehumbiza.

Msamaha hakuomba. Alivua kofia, akaanza, "Baba Yetu uliye mbinguni..."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimemwandalia matusi. Nikajikuta naitikia. Kwa hasira, lakini niliitikia.

Shuleni sijarudishwa mpaka leo. Jumatano watoto wanakuja kwenye banda langu la baiskeli, wanakaa juu ya matairi.

Ninachowaambia wenzangu mnaofundisha: mtoto mpeni ukweli wote, msimfiche kipande mkidhani ni cha wakubwa. Kuna siku atakuwa ndiye pekee ndani ya nyumba anayeujua.