Chungu cha Jiwe kwa Mama

Hoteli niliyolinda kule West Bay, Doha, iliwahi kuweka maonyesho ya vyombo vya kale vya visiwa vya Ugiriki. Nilipangiwa kusimama karibu na chungu cha marumaru, cheupe, chenye masikio manne yaliyotobolewa ya kupitishia kamba. Kila siku nilimsikia mwelezaji akiwaambia wageni kwamba watu wale hawakuwa na chuma. Walisugua jiwe kwa jiwe gumu zaidi, mchanga na maji, siku nenda siku rudi, mpaka tumbo likachimbika.

Nikajiambia, kumbe ni mchanga tu. Na Doha nani amewahi kukosa mchanga?

Mwenzangu wa chumbani, fundi wa karakana ya marumaru huku Industrial Area, alikuwa anakaribia kwenda likizo, na kwao na kwetu ni mtaa mmoja. Wengine walimpa mablanketi awapelekee watu wao. Mimi nilitaka mama apate chungu kilichotoka mikononi mwangu.

Fundi alinipa kipande cha marumaru. Kila Ijumaa nikakaa kivulini nyuma ya kambi yetu ya wafanyakazi, nasugua. Ijumaa zikapita, jiwe linang'aa tu kama kipara. Nililitukana, halafu nikalionea huruma, nikalifuta.

"Dogo, unachimba au unabembeleza?" fundi akauliza. Akaupekecha mchanga wangu vidoleni. "Huu umeviringishwa na upepo, hauna meno. Nilete grinda ya umeme tumalize."

"Grinda sitaki, kaka."

"Haya, zeeka nalo."

Lakini jioni alirudi na kipande cha diski ya kukatia mawe iliyovunjika, tukakiponda kikawa unga. Unga ule uliuma jiwe kweli. Tatizo, safari yake ilikuwa wiki ileile. Alipofunga begi, chungu changu kilikuwa na shimo la kutosha kidole gumba, basi. Masikio sikuyagusa.

"Mtu mzima mimi, nipande ndege na jiwe," akanung'unika, huku akilifunga kwenye fulana yake.

Fundi alipomfikishia, mama akapiga simu. "Mwanangu, Uarabuni kote umeona jiwe? Huku yameisha?"

Nikamweleza Wagiriki, mchanga, kamba. Nikasikia kitu kinagonga.

"Natwanga kitunguu saumu," akasema. "Kumbe kinafaa."

"Masikio sikuwahi, mama."

"Ya nini? Nani anafunga kitunguu kamba? Shimo ndilo dogo. Ukija, umalizie."