Uongo Njoo

Sisi tuliokulia Isevya, hapa Tabora, kabla simu hazijaingia mifukoni, tulikuwa na sheria moja ambayo hata mtundu kuliko wote hakuivunja: hadithi haisimuliwi mchana. Ukithubutu, unaota mkia. Hatukuwahi kumwona mtu mwenye mkia, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Mchana ulikuwa wa michezo ya rede na mdako, na wa kutumwa dukani kwa mzee Mwarabu aliyetukatia kashata tukimwamkia vizuri. Shikamoo tuliitamka yote, jamani, si hii "mambo" ya leo inayorushwa huku mtu anatazama simu.

Jua likizama, Bibi Doto, mama yake mama, alitandika mkeka uani. Aliweka ungo wa karanga za kumenya na sahani ya matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, ambavyo ukivitia mdomoni meno yanabishana navyo mpaka hadithi iishe. Bibi alikuwa Mnyamwezi wa Urambo. Babu yake alikuwa mpagazi, alibeba mizigo begani kutoka hapa hadi pwani enzi za misafara, na hadithi nyingi za Bibi zilipita njia ileile. Alianza kwa kuita, "Hadithi hadithi!" Nasi tukaitikia kwa pamoja, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Asipoitikiwa hafungui mdomo, anaendelea na karanga zake.

Sasa mimi jina la kabila letu nililichukua kama lilivyo. Wanyamwezi, watu wa mwezi. Basi tumetoka mwezini. Nilipokuwa darasa la tatu, mwalimu akauliza wazee wetu walitokea wapi. Nikasimama kifua mbele nikaeleza kwamba walishuka kutoka mwezini na mizigo begani, wakapumzika Tabora, wengine wakaendelea pwani, na waliochoka ndio sisi. Darasa lilicheka mpaka watu wakashika matumbo. Mwalimu hakucheka. Alisema mimi ni mwongo, akanisimamisha mbele mpaka kengele ikalia.

Iliniuma sana. Kwetu kuitwa mwongo kulikuwa aibu kuliko kukamatwa na sukari mkononi. Njiani nikaapa sitasimulia kitu tena maishani, na jioni Bibi alipoita hadithi, sikuitikia. Akauweka ungo chini, akaniuliza nina nini. Nikamwaga yote, pamoja na makamasi.

"Mke mwenzangu," akasema, maana ndivyo alivyoniita kwa utani wa bibi na mjukuu, "kosa lako ni moja tu, umeingia bila hodi. Ungewaita kwanza. Wakishaukaribisha uongo kwa midomo yao wenyewe, nani atakuita mwongo?"

Nimeishi kwa maneno hayo. Leo naandika vitabu vya hadithi za kisayansi, za misafara ya wapagazi wanaovuka kutoka nyota hadi nyota, wakiimba na kupokezana mizigo kama babu zetu. Asubuhi nasahihisha na kufuta tu. Kutunga nangoja jua lizame, maana uzee huu na mkia haviendani. Juu ya karatasi naandika "Hadithi hadithi", halafu namenya karanga mpaka nisikie moyoni kuna mtu ameitikia. Kuna siku karanga zinaisha na hakuna aliyeitikia, nakwenda zangu kulala. Mpwa wangu ananicheka, anasema simu yake inaweza kunitungia kitabu kabla chai haijapoa. Namjibu kwamba simu yake haijui kumenya karanga.

Hivi majuzi shule yangu ileile ikanialika niwasomee watoto. Asubuhi! Nilikwenda na hofu, si ya mkia peke yake. Niliogopa kwamba nitaita na hakuna atakayejua kuitikia, na bila kuitikiwa mimi ni yule mwongo aliyesimamishwa mbele.

Nikaita. Wakatazamana. Kisha wakajibu, "Hadithi njoo!" Wakakomea hapo. Uongo hakuna aliyewafundisha kuukaribisha. Nikafunga kitabu, nikawafundisha maneno yote, na kwa nini yapo. Binti mmoja wa mbele akanyoosha kidole.

"Shangazi, kwa hiyo tukiitikia hivyo tunaruhusiwa kudanganya?"

"Ukipiga hodi, ukakaribishwa, unaruhusiwa."

Akasimama mwenyewe akaita hadithi, na darasa zima likaitikia mpaka mwisho. Akasimulia kwamba pale Kaliua, reli inapogawanyika, moja kwenda Kigoma na nyingine Mpanda, ipo ya tatu isiyoonekana. Hiyo inakwenda mwezini, na bibi yake ameshaipanda.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu wao alikuwa anafuta machozi, na mimi yangu nilishashindwa kuyazuia.

Enzi zetu tulikuwa na mkeka mmoja, bibi mmoja, na giza la kutosha. Hawa wana taa kila kona na hadithi za mchana kutwa mifukoni, nami nilidhani wametupita kwa kila kitu isipokuwa kuitikia. Kumbe walikuwa hawajaitwa. Ile asubuhi waliitikia kwa nguvu, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko zote, saa nne, jua kali. Nilipotoka nje ya geti nikajipapasa nyuma. Hamna kitu.