Watoto wa Panya wa Kapitolina

Katika maabara ya Moscow nilikokuwa mfasiri, Kapitolina Yegorovna alilisha panya weupe kwa miaka kumi na tisa. Watoto wao walidungwa virusi vya ndui, na idadi ya waliokufa ndiyo iliyoonyesha ukali wa virusi hivyo.

Asubuhi moja Daktari Vsevolod alihesabu watoto wa panya waliodungwa virusi vipya, akacheka.

"Siku ya saba, wote wazima! Virusi vinyonge hivi! Naandika sasa hivi: vihamishiwe chumba cha kawaida, watu wafanye kazi bila barakoa."

"Si bure, Daktari," Kapitolina alisema kwa fahari. "Wewe unahesabu tu, mlezi ni mimi."

"Unawaleaje, mama?"

"Kama kwetu kijijini. Panya mama akifiwa na mtoto mmoja, huwala waliobaki. Basi kila anayekufa namtoa, naweka mwingine kutoka kizimba cha akiba."

Daktari aliweka kalamu chini. Mimi nilirudi nyuma, mbali na vizimba.

"Kapitolina Yegorovna," alinong'ona, "wale wa kwanza, niliowadunga mimi, wamebaki wangapi?"

Kapitolina alitutazama mmoja mmoja, fahari ikamtoka usoni.

"Hakuna hata mmoja."